Sauti nimezilipia, mbona nadaiwa?

"Natengeneza muziki wa kielektroniki, hasa haus. Sauti zangu nyingi zinatoka kwenye pakiti za sampuli, yaani mafurushi ya sauti zilizorekodiwa tayari. Tatu nilizinunua, moja nilipewa bure kwenye kundi la maprodyuza, na zote zimeandikwa kwamba hazidai mrabaha. Baada ya kutoa wimbo wangu, YouTube wameniletea dai la hakimiliki kutoka kwa msanii nisiyemjua kabisa. Sehemu inayodaiwa ni lupu ya kinanda, yaani kipande kinachojirudia, iliyomo kwenye pakiti niliyolipia. Wakati huohuo kuna lebo ndogo inautaka wimbo huo, na mkataba wao unataka nithibitishe kwamba kila kilichomo ni kazi yangu halisi na kwamba haki zote ni zangu. Nisaini? Jambo jingine: kiki (mapigo ya ngoma kubwa) zinazovuma vizuri zikiwa peke yake zinageuka matope nikiingiza besi, na baadhi ya lupu zinatoa mlio wa 'tk' kila zinaporudi mwanzo. Je, nimetapeliwa? Nifute pakiti zote nianze kutengeneza kila sauti mwenyewe?"

Pole kwa usumbufu. Najua inavyouma kudaiwa na mtu usiyemjua juu ya kitu ulichokilipia. Nianze na majibu mafupi ili upumue: kwa zile pakiti tatu, hakuna dalili kwamba umetapeliwa. Dai la YouTube lina nafasi nzuri ya kuondolewa. Mkataba usiusaini jinsi ulivyo sasa. Pakiti ya bure iweke kando kabisa, na hizo nyingine usizifute.

Umeniuliza kuhusu sheria na kuhusu ubora kana kwamba ni mambo mawili, lakini yote yanajibiwa kwa kuuliza jambo moja: sauti hii imetoka wapi, na imefanyiwa nini kabla ya kukufikia? Mwenye jibu la swali hilo kwa kila faili analotumia hatapata tabu kubwa, si kwa wanasheria wala kwa spika.

Tuanze na maneno "haidai mrabaha", maana ndiyo yanayowapoteza wengi. Hayasemi kwamba sauti haina mwenyewe, wala kwamba ni ya bure, wala kwamba sasa ni yako. Yanasema tu kwamba ukishalipa mara moja, hutadaiwa fungu kila wimbo unapouzwa au kusikilizwa. Ulichonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na hakimiliki imebaki kwa aliyeitengeneza sauti au kampuni yake. Wewe ni kama mpangaji wa chumba: unaishi humo kwa haki kamili, ila huwezi kukiuza.

Tena ruhusa hiyo si yako peke yako. Karibu pakiti zote zinazouzwa hadharani hutoa leseni isiyo ya kipekee, kwa hiyo lupu ileile ya kinanda wanayo watu wengine wengi, na kila mmoja ameruhusiwa kuitia kwenye wimbo wake. Hilo halipunguzi thamani ya kazi yako. Mdundo wa ngoma kwenye "Umbrella" ya Rihanna, wimbo wa mwaka 2007 uliotamba dunia nzima, ulijengwa juu ya lupu iliyokuja na GarageBand, programu ambayo Apple waliiweka kwenye kompyuta zao. Yeyote mwenye programu ile alikuwa na ngoma zilezile.

Sasa dai lako linaeleweka. YouTube wana mfumo uitwao Content ID, walioanza kuutumia mwaka 2007. Mwenye haki, au msambazaji wake (kampuni inayofikisha nyimbo kwenye majukwaa), anaupa mfumo huo wimbo, nao unachora alama ya utambulisho wa sauti hiyo na kuilinganisha na kila video inayopandishwa. Mashine haisomi leseni. Haijui nani alinunua pakiti wala lini, inachojua ni kufanana tu. Kwa hiyo inaelekea sana kwamba huyo msanii usiyemjua alitumia lupu ileile kihalali, kisha msambazaji wake akauingiza wimbo wote kwenye Content ID, pamoja na kinanda ambacho si chake peke yake. Kanuni za YouTube zenyewe zinataka anayeingiza kazi humo awe na haki za kipekee juu ya alichoingiza, na lupu za leseni isiyo ya kipekee hazikidhi sharti hilo. Kosa, basi, liko upande wake, na huenda yeye mwenyewe hajui kwamba dai limetoka kwa jina lake.

Usimtukane, usifute video. Pinga dai kupitia ukurasa uleule ulioonyeshwa dai, chagua sababu ya kuwa na leseni, kisha eleza kwa sentensi chache: jina la pakiti, jina la faili, tarehe ya ununuzi, namba ya risiti, na kwamba leseni hiyo si ya kipekee. Mdai ana siku 30 za kujibu, na asipojibu dai linaanguka lenyewe. Ujue pia kwamba dai la Content ID si onyo la ukiukaji dhidi ya chaneli yako. Linagusa mapato ya video hiyo au mahali inapoonekana, na halikuwekei alama mbaya kwa lenyewe. Pamoja na kupinga, mwandikie muuzaji wa pakiti. Wauzaji makini wamezoea madai ya namna hii, na wengi wana barua ya kuthibitisha leseni wanayokutumia uiambatanishe.

Halafu jikague na wewe. Ulipoupeleka wimbo kwa msambazaji wako, kulikuwa na kisanduku cha kuuliza kama unataka uingizwe kwenye Content ID. Je, ulikiweka tiki? Kama wimbo una lupu isiyo yako peke yako, na lupu hiyo inasikika waziwazi, kitoe leo. Vinginevyo kesho kuna mwenzako atapata mshtuko uleule ulioupata wewe.

Kuna mambo mawili hukuyauliza, ila kila anayeandika kwangu kuhusu sampuli huyaamini angalau nusu, kwa hiyo nayagusa. La kwanza ni kwamba kipande kifupi, cha sekunde kadhaa, kinaruhusiwa tu. Hakuna idadi ya sekunde ya namna hiyo. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba hata sekunde mbili za gitaa zilizokatwa kutoka kwenye rekodi ya mtu zinahitaji leseni. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ya hukohuko ikaenda kinyume, ikisema kipande cha tarumbeta cha sekunde 0.23 ni kidogo mno kuwa ukiukaji. Na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyohusu kama sekunde mbili za wimbo wa Kraftwerk, kundi la muziki wa kielektroniki la Ujerumani, ilisema mwenye rekodi anaweza kuzuia hata kipande kifupi sana, isipokuwa kimebadilishwa kiasi cha kutotambulika kwa sikio. Mahakama zenyewe hazikubaliani, na wimbo wako ukishakuwa mtandaoni unasikika kwenye nchi zote hizo kwa wakati mmoja. La pili ni kwamba ukipandisha sauti noti tatu na kuigeuza kinyumenyume, inakuwa yako. Hapana. Kuibadilisha kunaweza kuifanya isitambulike, lakini hakufuti ulipoitoa. Hali kadhalika kwa zile programu za kutenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo: zinakupa faili safi, hazikupi haki.

Na hapo ndipo pakiti yako ya bure inaponitia wasiwasi. Hakuna awezaye kukupa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana. Mtu anaweza kukata ngoma kwenye rekodi ya mwaka 1975, akachanganya na faili kutoka pakiti nne za kulipia, akaandika "haidai mrabaha" kwenye folda na kuisambaza kwenye kundi. Maandishi yake hayana nguvu yoyote. Ukitumia sauti hiyo, katika nchi nyingi kutokujua hakukuondolei lawama, kunaweza tu kupunguza fidia. Hata kama aliyeisambaza aliinunua kihalali, leseni za pakiti humfuata mtu aliyelipa, na karibu zote zinakataza kugawa faili kwa wengine. Kwa sababu hiyohiyo, ukimshirikisha mwenzako kwenye wimbo mmoja, mpe wimbo, usimpe folda.

Sisemi kwamba kila cha bure ni kibaya. Freesound, hazina iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ina sauti nyingi za halali kabisa. Ila soma leseni ya kila faili, maana hazifanani: CC0 inakuachia huru, CC BY inataka umtaje aliyerekodi, na CC BY-NC haikuruhusu kuitumia kwenye wimbo unaouingizia pesa. Watu huchukua zote kwa mkupuo kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa zile tatu ulizonunua, fungua leseni zake usiku huu na uzisome zote. Najua ni ndefu. Macho yako yaende kwanza kwenye sauti za waimbaji na lupu za melodia, kwa sababu hapo ndipo masharti hutofautiana sana. Pigo moja la kiki au sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) lina haki ya rekodi tu, kwani ni vigumu mtu kudai kwamba pigo moja ni utunzi. Lakini melodia ya kinanda ina haki mbili ndani yake: ya rekodi na ya utunzi. Baadhi ya watengenezaji wa lupu wanakuachia zote mbili. Wengine wanakuruhusu kama msanii huru, ila wimbo ukichukuliwa na lebo kubwa wanataka fungu la utunzi na la mauzo, na hilo wameliandika katika aya ya kumi ambayo hakuna anayeifikia. Kisha tazama kama kuna katazo la kutumia lupu ikiwa peke yake bila kuongezewa chochote (lipo karibu kila mahali), katazo la kutengeneza pakiti nyingine kutokana na hiyo, na masharti kuhusu maktaba za muziki wa filamu na matangazo. Kama ni huduma ya kulipia kila mwezi, tafuta sentensi inayosema nini kinatokea ukiacha kulipa. Baadhi wanakuachia sauti ulizopakua milele, wengine wanalinda tu nyimbo ulizotoa ukiwa bado mwanachama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii ni kweli neno kwa neno. Kwa kila wimbo weka jedwali dogo: jina la faili, pakiti, muuzaji, tarehe, risiti. Nakala ya leseni ihifadhi kama ilivyokuwa siku uliyonunua, maana kurasa za wauzaji hubadilika na kampuni hufungwa. Ni kazi ya dakika kumi wakati wimbo bado uko mikononi. Miaka mitatu baadaye hutakumbuka haihati ile (mlio wa matoazi mawili yanayogongana) ilitoka wapi.

Tuje kwenye sauti zenyewe, ambako nina mengi ya kusema kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kiki yako kugeuka matope si lazima kuwe ni ubovu wa pakiti. Kiki za haus mara nyingi zina noti. Mkia wake unavuma kwenye masafa fulani, tuseme Hz 52, yaani mitetemo 52 kwa sekunde. Besi yako ikiwa kwenye A ya chini, inavuma kwenye Hz 55. Zikikutana, mawimbi hayo mawili yanaongezana na kupunguzana mara tatu kila sekunde, na sikio linasikia kitu kinachoyumba bila nguvu. Pandisha kiki mpaka ifike Hz 55, au chagua nyingine, na nusu ya matope itaondoka kabla hujagusa ikwalaiza (kirekebisha masafa). Nusu nyingine huwa ni urefu. Katika mwendo wa mapigo 128 kwa dakika, kutoka kiki moja hadi inayofuata ni kama milisekunde 469. Kiki yenye mkia wa milisekunde 600 inavuka mpaka wake na kumkanyaga mwenzake kila mara. Ufupishe mkia, uipe besi nafasi.

Lakini kuna ubovu ambao ni wa pakiti kweli. Wauzaji wanajua kwamba unasikiliza mfano wa sekunde chache na kuamua, na sauti kubwa huonekana nzuri zaidi. Basi kila kiki imeshindiliwa kwa limita (kifaa cha kuzuia sauti isizidi kiwango) mpaka imekatika vichwa, imeshapewa riverbu (mwangwi), imeshatanuliwa kushoto na kulia. Ikiwa peke yake inakutikisa kifua. Ukiiweka pamoja na sauti nyingine kumi zilizoshindiliwa vivyo hivyo, hakuna iliyobaki na pa kusogea, na riverbu iliyookwa ndani huwezi kuitoa bila kuijeruhi sauti. Kuza mchoro wa wimbi: ukiona vilele vimelala bapa kama vimekatwa, hiyo imeshindiliwa. Igeuze iwe mono, yaani kushoto na kulia ziwe njia moja: ikipungua nguvu ghafla, pande zake mbili zinapingana, na kwenye kumbi nyingi masafa ya chini hupigwa kwa mono, kwa hiyo utaipoteza kiki yako mbele ya watu. Mimi ningechagua pakiti yenye sauti kavu na zisizovutia sana kwenye mfano, kuliko ile inayong'aa siku ya kwanza.

Huo mlio wa "tk" una sababu mbili za kawaida. Ya kwanza: lupu imekatwa mahali ambapo wimbi halijafika sifuri, kwa hiyo inaporudi mwanzo, spika inaruka kutoka kimo kimoja hadi kingine papo hapo. Ufifishe mwisho na mwanzo kwa milisekunde tatu au tano, mlio utakwisha. Ya pili ni mbaya zaidi: faili iliwahi kuwa MP3, mfumo unaobana sauti kwa kutupa sehemu yake. Mfumo huo huhifadhi sauti kwa vifurushi vya vipimo 1,152 vya wimbi, sawa na kama milisekunde 26, na huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Piga hesabu: mapigo 16 kwa mwendo wa 128 ni sekunde 7.5 kamili. Lupu yako ikiwa na 7.53, si mkato mbaya tu, inawezekana imepitia MP3.

Kuibadilisha baadaye kuwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) hakurudishi kilichopotea. Fungua faili kwenye kionyeshi cha masafa. WAV ya biti 24 ambayo juu ya Hz 16,000 haina kitu kabisa, kama imekatwa kwa kisu, huwa ni MP3 ya kiwango cha chini iliyovalishwa koti jipya, ingawa baadhi ya sauti, kama besi nzito, kiasili hazina kitu huko juu, kwa hiyo pima kwa haihati na matoazi. Ukikuta hivyo kwenye pakiti ya kulipia, omba pesa zako zirudishwe, na uanze kutilia shaka hata haki za pakiti hiyo. Mtengenezaji aliyerekodi mwenyewe hana sababu ya kuwa na chanzo cha MP3. Kwa wastani, biti 24 kwa vipimo 44,100 kwa sekunde inakutosha. Pakiti inayojisifia namba kubwa zaidi haijawa bora kwa sababu hiyo tu.

Basi, utengeneze kila kitu mwenyewe? Kwa ngoma, nakushauri uanze, pole pole. Kiki ya kielektroniki ni wimbi laini moja linaloporomoka haraka kutoka kama Hz 200 hadi 50, pamoja na mguso mkali wa mwanzo. Hata Roland TR-808, mashine ya ngoma ya mwaka 1980, ilizalisha ngoma zake kwa saketi, bila kurekodi ngoma yoyote. Ukiijenga mwenyewe, noti na urefu unavichagua wewe, na hakuna wa kukudai. Faida yake kubwa ni kwamba utaanza kusikia kwa nini kiki za wengine zinafanya zinavyofanya. Kwa kinanda na waimbaji, sikushauri ujilazimishe. Kama melodia ndiyo uso wa wimbo wako, mtafute mpiga kinanda, mlipe, na muandikiane kwamba rekodi na utunzi unakuwa wako, au mnagawana vipi. Itagharimu kuliko lupu, ila hakuna mwingine duniani atakayekuwa nayo. Lupu za pakiti zibakie pale zinapofaa zaidi: rangi ya nyuma, pakasheni (vyombo vya kugonga), majaribio ya kutafuta wazo.

Kuhusu mkataba. Kifungu ulichokitaja kinakufanya wewe mdhamini: likitokea dai, lebo itakurudia wewe kwa gharama zote. Na ukiahidi kwamba haki zote ni zako huku kuna lupu ya leseni, ahadi hiyo si kweli hata kama hujakosea popote. Waandikie lebo kabla ya kusaini, uwaambie wazi kuna lupu ipi, kutoka pakiti ipi, na uambatanishe leseni. Omba kifungu kisomeke kwamba kazi ni yako halisi isipokuwa sampuli zilizoorodheshwa, zinazotumika kwa leseni isiyo ya kipekee. Lebo nyingi za muziki wa kielektroniki zinaishi na jambo hili kila siku na zitakubali. Wengine watakuomba ubadilishe kinanda, na hapo ndipo yule mpiga kinanda anapopata kazi, mradi asiicheze melodia ileile, kwa sababu haki ya utunzi bado inabaki kwa mwenye lupu. Kwanza kabisa hakikisha hakuna sauti hata moja ya pakiti ya bure ndani ya wimbo huo.

Mwone wakili wa hakimiliki ana kwa ana, na si kwa barua kama hii, endapo mkataba una kifungu cha kulipa fidia isiyo na kikomo, mdai wa YouTube akikataa pingamizi lako na kutishia kuuondoa wimbo, ukipokea barua kutoka kwa mwanasheria yeyote, au wimbo ukitakiwa kwa tangazo au filamu. Nenda na jedwali lako, leseni, risiti na faili la mradi lenyewe, siyo wimbo uliokamilika tu. Wakili atahitaji kuona ni lupu ipi imekaa wapi. Na usimjibu mwanasheria wa upande wa pili chochote kwa maandishi, hata samahani, kabla wakili wako hajaisoma barua yake.